Sauti Nyuma ya Gita

"Rudisha tena," Rodel alisema. "Pale kabla ya kiitikio."

Marivic akarudisha. Saluni yake ya mjini Pasig ilikuwa imefungwa kwa wateja mchana huo, viti vyote vimekaliwa na mashabiki wa mwimbaji Luningning, na simu imeunganishwa kwenye spika ya karaoke. Kibao kipya kilitoka asubuhi bila tangazo wala video. Sauti na gita, basi. Karibu mwaka mzima hajaonekana jukwaani, halafu anakuja na hicho.

"Huyu karekodi na simu, jikoni kwake," Chona alisema huku akimenya karanga. "Hata mimi bafuni natoka vizuri kuliko hivi."

"Wewe bafuni unatimua mende," Neneng akamjibu.

Walicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Wiki hiyo hiyo kampuni ya muziki ilikuwa imetangaza mkusanyiko wa nyimbo zake bora, na shabiki yeyote mwenye akili anajua maana yake. Mkusanyiko hutolewa kwa mwimbaji aliyestaafu, au aliyekosana na wakubwa wake, au aliyekufa. Luningning hajafika hata miaka thelathini.

"Wameweka mpaka ule wimbo wa tangazo la sabuni," Marivic alisema. "Anauchukia ule! Angekuwa na kauli, usingekuwemo."

"Ni yule meneja wake," Chona alisema. "Kamfungia mahali, anamkamua."

"Na nani wa kumtetea? Mume hana, mtoto hana. Si mwenyewe kila akihojiwa anasema kaolewa na mashabiki?" Neneng akadakia.

Basi hilo la kufungiwa likawa limeshakuwa kweli. Watu wanaopenda hawahitaji ushahidi mwingi. Marivic, mwenyekiti wa klabu, alikuwa halali tangu mkusanyiko utangazwe. Alimpenda yule binti kama wa kumzaa mwenyewe, na lolote likimpata asingejisamehe.

Wakaanza kubishana kama kibao kipya kitaingizwa mwishoni mwa mkusanyiko. Rodel peke yake hakubishana. Alikuwa mwanachama mgeni, mpole, mwenye gari, na nyimbo zenyewe hakuzijua vizuri. Alichanganya albamu ya pili na ya tatu, Chona akambatiza "shabiki wa kuazima". Lakini alijua mengine. Alijua kwamba Luningning hali nazi, na kwamba akipika lazima afungue dirisha, hata mvua inyeshe vipi. Walipomuuliza kayasoma wapi, alitabasamu tu.

"Nampenda kuliko nyinyi wote," alisema, nao wakamwonea wivu.

"Sasa sikilizeni," alisema safari hii. "Kuna mtu anapiga kelele nyuma ya gita."

Wakatega masikio. Mbali kabisa, muuza taho, ile soya laini yenye sukari, alikuwa akinadi taho yake ya moto. Hilo si ajabu, kwani asubuhi hakuna mtaa usio na muuza taho. Ila wenzake huivuta silabi ya mwisho mpaka pumzi iishe. Huyu aliikata katikati kama aliyepaliwa, akaimalizia kwa sauti nyembamba ya kuku.

Neneng aliruka mpaka chupa ya rangi ya kucha ikamwagika.

"Mungu wangu! Huyo Mzee Isko wa kwetu Pila! Tangu nazaliwa ananadi hivyo hivyo. Tena siku hizi magoti yamemchosha, haendi mbali, ni ule mtaa wa nyuma ya kanisa tu."

"Mtaa huo una nyumba nyingi?" Rodel aliuliza.

"Wapi! Wote nawajua. Ya kupangisha ni moja, yenye geti la kijani."

Wakakumbatiana. Chona, mwenye mdomo wake wote ule, alilia waziwazi. Rodel alikuwa ameshachukua funguo za gari.

"Tusiwaambie polisi?" Marivic aliuliza.

"Dada Marivic, polisi wakijua, meneja naye kajua. Atamhamisha tena. Twende wenyewe, na mtu asiandike kitu mtandaoni."

Ilikuwa na mantiki. Wakapitia keki isiyo na nazi, wakaondoka.

Mtaa wa nyuma ya kanisa ulikuwa umelala na joto la alasiri. Mapazia ya nyumba ile yalikuwa yamefungwa yote, na geti lilikuwa na kufuli mbili, zote kwa ndani. Rodel alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akavaa barakoa.

"Gonga wewe, dada," alimwambia Marivic. "Wewe anakuamini. Mimi nitakaa nyuma."

Marivic hakugonga. Alianza kuimba kiitikio cha kibao kipya, polepole, na wenzake wakampokea. Pazia likacheza. Mlango ukafunguka kidogo, kisha zaidi, na Luningning akatoka pekupeku, amekonda, mkono mdomoni. Sura ya Marivic aliijua. Kila onyesho ilikuwa safu ya mbele. Alifungua kufuli zote mbili.

"Mmejuaje nipo hapa?"

"Tumekuja kukutoa, mwanangu," Marivic alisema, akamkumbatia, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Rodel aliingia wa mwisho. Alilirudisha geti taratibu, akabana kufuli zote mbili, akavua barakoa.

Luningning alimwona juu ya bega la Marivic. Hakupiga kelele. Alijinasua, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kuelekea jikoni:

"Yaya, mtoe mtoto kwa mlango wa nyuma. Baba yake amefika."