Turubai la Msiba

Kaka yake Siwema alizikwa asubuhi, na saa sita waombolezaji walikuwa wamekaa juani, kwa kuwa mtaani kwao kivuli cha mchana kilikuwa kosa. Kila ua ulijaa mabeseni ya maji ya mto. Ndani yake mlitiwa unga wa mawe ya chuma, ambao ukipigwa na jua hula rangi na sumu zote zinazomwagwa mtoni na kiwanda cha vitambaa. Beseni likikosa jua, maji yake hayanyweki.

Mama yake, mwenye miaka themanini, alipoanza kuyumba kwa joto, Siwema aliwaambia wanaume wafunge turubai.

Bwana kivuli, afisa wa mtaa wa kuzuia vivuli, alifika kamba zikiwa bado zinakazwa. "Pole kwa msiba, dada. Lakini hili mlishushe. Mnawanyima watu maji."

"Mimi ndiye ninayewanyima?" Siwema alimuuliza. "Kiwanda kifunge bomba lake leo tu, tumalize kulia."

"Kiwanda kina kibali."

Siwema akawageukia majirani waliokuwa wakilia naye tangu alfajiri, akingoja hata mmoja aseme neno. Bi Mwanahawa wa nyumba ya pili alijifuta machozi, akainuka taratibu, akaanza kufungua kamba.

"Nina wajukuu, mwanangu," alisema bila kumtazama.

Turubai likashuka. Siwema akavua kanga ya mabegani, akaitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa cha mama yake.

Bwana kivuli akachuchumaa, akatoa futi mfukoni, akaanza kukipima kivuli cha kanga.