Boti la Mpira

Ili kuona kama linavuja, Sabiha alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya boti la kupuliza, lililokuwa rahisi kuliko yote dukani. Halikutoa kiputo hata kimoja.

Nyuma yake alicheka Shebe, mwenye mashua pekee ya kuvusha watu kutoka melini hadi pwani. Juzi alikataa kumvusha mume wa Sabiha, mgonjwa, kwa sababu Sabiha aliwahi kumjibu kwa ukali. Mume akafia melini.

“Bi mkubwa, kibofu hicho kitakufikisha wapi?”

“Pwani tu, Shebe. Ulikoona mbali kumfikisha mume wangu.”

Kesho yake, kando ya meli, Sabiha akalisogeza boti lake ubavuni mwa mashua ya Shebe, iliyojaa abiria.

“Kwangu bure!” akapaza sauti. “Bure mpaka mashua hii ioze!”

Bibi mmoja akavua viatu, akanyoosha mguu juu ya maji kuelekea boti la Sabiha.