Ndani ya Jeneza

Kwa miaka kumi na tisa Fundi Gwakisa alipiga majeneza msasa ndani na nje, ingawa ndani hufunikwa kitambaa na hakuna anayepaona. Asubuhi ile alipiga nje tu, kisha akaketi juu ya rundo la mbao.

"Leo umekimbiza kazi, fundi. Hongera!" alisema bosi, akapita.

Mama Tusekile, mshonaji, alileta kitambaa cheupe cha kutandika ndani. Alipopitisha kiganja kwenye ubao, kibanzi kikamchoma.

"Baba, una nini?"

"Sijui, mama. Siku hizi mikono inafanya kazi, mimi mwenyewe sipo." Akatazama pembeni. "Na ndani humo atajua nani? Marehemu?"

"Mimi nimejua."

Mama Tusekile alimwekea msasa magotini, akaketi kando yake, akakipakata kitambaa chake. Nje ndugu wa marehemu walikuwa wakingoja. Bosi akaita mara mbili, wao wakabaki wameketi.

Hatimaye Gwakisa aliinama, akaingiza mkono mtupu ndani ya jeneza, akaanza kuupapasa ubao polepole, kama anayepapasa uso wa mtu aliyelala.