Sauti ya Marehemu

"Paskazia, mke wangu, kubali kiwanja kiuzwe," marehemu alisema kwenye simu.

Mama aliacha kuparua sato. Ilikuwa sauti ya mumewe kabisa, hata kile kikohozi chake kifupi kabla ya kuongea.

"Nimeitengeneza kwa programu, mama, kutokana na zile voisi alizokuwa ananitumia," mwanawe alisema. "Lakini ndivyo ambavyo angesema. Mnunuzi anakuja kesho."

Kaburi la mzee lilikuwa humo humo kiwanjani, hatua chache kutoka ziwani.

"Irudie."

Akairudia. Mama alisikiliza huku magamba yakimkaukia mikononi. Kisha akacheka, cheko la hasira.

"Huyo simjui. Na kiwanja siuzi."

"Mama, si umesikia sauti ya baba!"

"Sauti ni yake. Lakini tangu nikuzae wewe, baba yako hakuniita Paskazia hata siku moja. Mpaka anakata roho aliniita Mama Josephat."

Akachukua kisu chake, akamgeuza sato upande wa pili.

"Mashine haikujua, sawa. Wewe jina lako umelisahauje?"