Neno Lililowahi

Mwanakombo hakuzima runinga shemeji yake Sudi alipoingia. Tangu mumewe apotee, asionekane yeye wala maiti yake, kila jioni alirudia tamthilia ile ile ya mpelelezi.

"Utaitazama mpaka lini, shemeji? Si muuaji unamjua?"

"Namjua. Natazama anavyojisahau."

Akaongeza sauti. Kwenye kioo, mwenye duka alikuwa akimpa pole jirani yake, huku akimwita mume wa jirani huyo marehemu, ilhali polisi hawajapata mwili. Mpelelezi akatua kikombe chini taratibu. Mwanakombo hakuchoka kupatazama hapo.

Sudi alikuwa ameshughulika na simu yake. "Tuzungumze ya maana. Nyumba ya marehemu imepata mnunuzi. Funga virago urudi kwenu."

Mwanakombo akabonyeza rimoti. Picha ikaganda, mwenye duka mdomo wazi.

"Nyumba ya nani?"

"Ya kaka."

"Sivyo ulivyosema. Rudia."

Sudi akainua macho, kwa mara ya kwanza akatazama kioo. Mwanakombo alikwisha kuuegemea mlango, rimoti mkononi.

"Mimi sitoki humu," alisema. "Wala wewe, mpaka urudie."