Ufunguo Kwenye Kopo la Biskuti

Taa ya mbele ya gari ilikuwa imevunjika, na bampa limebonyea chini yake. Clifford Hadley aliinama kadiri mgongo wake wa miaka themanini na miwili ulivyomruhusu, akapapasa vipande vya kioo, akajiambia: wamefika.

Wiki tatu nyuma wezi wa magari walikuwa wamemwibia jirani yake, Harjit, mchana kweupe. Hawakuvunja hata kitasa. Mmoja alisimama mlangoni na kidude mkononi, kikanasa mawimbi ya ufunguo uliotundikwa ndani ukutani, kikayarusha kwa mwenzake aliyesimama kando ya gari. Gari likadhani mwenyewe kaja. Likafunguka, likawaka, likaenda zake.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Tangu siku ile mtaa mzima uliweka funguo zake ndani ya makopo ya bati yanayozuia mawimbi, na Clifford akazidisha. Ufunguo wake aliuviringisha kwenye karatasi ya foili, akautia kwenye kopo la biskuti la marehemu mkewe, akalibana kopo kwa mpira.

Harjit alichungulia juu ya ua. "Mzee Clifford, hawa jamaa hawavunji taa. Wanataka gari zima."

"Walinikosa, wakapandwa na hasira."

"Labda. Maana hawana utu hawa. Umesikia walivyomgonga Glenys juzi Jumanne? Yule mama anayevusha watoto pale shuleni. Koti lote lile la njano, na bado wamempitia! Gari la wizi hilo. Nani mwingine angemgonga mtu asisimame?"

Clifford alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. Glenys alikuwa akimpungia mkono kila alipopita.

Aliingia ndani, akaangalia kopo, akaangalia tena. Gari lile ndilo lililokuwa miguu yake. Siku litakapotoka pale nje, atakaa kwenye kiti cha dirishani kusubiri kuletewa mkate, na baada ya mkate wataleta fomu za nyumba ya kulelea wazee. Hilo alilihofu kuliko kaburi, na hakuona haya kulisema.

Saa tano bintiye Lorna alishuka kwenye basi kutoka Walsall. Haikuwa siku yake; yeye huja Jumapili. Hakubisha hodi. Clifford alimwona dirishani akiwa amechuchumaa mbele ya gari, akichomoa kitu kidogo cha njano kwenye ufa wa bampa na kukitia mfukoni. Hakukiona vizuri ni kitu gani. Miwani ilikuwa jikoni.

"Umeona walivyolifanya?" alimuuliza mlangoni.

"Nimeona, baba." Lorna alikuwa amepauka. "Jumanne asubuhi ulitoka?"

"Nilikwenda kununua gazeti. Kwani nahojiwa?"

"Nauliza tu."

"Basi kaiulize halmashauri! Barabara mashimo matupu. Moja lilinidunda siku hiyo hadi meno yakagongana, na kodi yao nalipa kila mwezi."

Kwa kawaida Lorna angecheka. Safari hii alimimina chai, akaiacha ipoe mbele yake.

"Daktari alikwambia nini kuhusu macho yako?"

"Kwamba ninayo mawili."

"Baba."

"Binti yangu, usianze."

"Basi nipe ufunguo. Nilipeleke gari kwa fundi, nitalirudisha."

"Ufunguo ule hautoki kwenye nyumba hii." Clifford aligonga meza kwa kiganja. "Wezi wako nje, na wewe uko ndani unanitolea macho. Mna tofauti gani?"

Alijuta papo hapo, maana macho ya Lorna yalijaa machozi. Lorna aliyafuta kwa mkono wa sweta, akatazama bustani ya nyuma.

"Basi nichumie matufaha," alisema taratibu. "Niende nayo nyumbani."

Clifford alifurahi kupata njia ya kuombea radhi bila kusema samahani. Alichukua kikapu, akaenda kwenye mti ulio mwisho wa bustani, akachagua yale mekundu, moja moja. Masikio yake siku hizi yalikuwa ya kubahatisha, lakini sauti ya bintiye kutoka mlango wa jikoni ilimfikia.

"Baba, nawahi basi! Matufaha nitayachukua Jumapili!"

"Subiri, nakuja!"

Hakusubiri. Clifford alizunguka nyumba na kikapu chake, pole pole, apate japo kumpungia mkono. Alipofika mbele, pale gari lilipokuwa palikuwa na doa la mafuta na vipande vya kioo.

Kikapu kilimtoka mikononi.

Alikimbilia jikoni, akijishikiza ukutani kila hatua. Kopo lilikuwa mahali pake. Mpira ulikuwa umebana vilevile. Ndani, kwenye foili yake, ufunguo ulikuwapo. Wamepita hata kwenye bati, wamepita hata kwenye foili! Na Lorna yuko peke yake njiani, na watu hao wanazunguka mtaani.

Alimpigia simu.

"Lorna! Wameliiba! Sasa hivi! Ufunguo huu hapa mkononi mwangu, na gari halipo! Nawapigia polisi..."

"Usiwapigie."

"Unasema?"

"Usiwapigie polisi, baba. Kaa ndani, usimfungulie mtu." Lorna alikuwa analia. "Glenys amefariki asubuhi."

Clifford alifungua kinywa kuuliza Glenys ameingiaje hapa. Ndipo, nyuma ya kilio cha bintiye, aliposikia mlio mwembamba unaojirudia bila kukoma. Aliujua. Gari lake likishawaka halizimiki hata ufunguo ukirudishwa nyumbani; hulia hivyo tu, likiendeshwa bila ufunguo kuwamo ndani.