Maji Yaliyokataa Kupoa

Advera alizamisha mkono kwenye bakuli la bati, akaikoroga mbolea mpaka chembe zote zikayeyuka, kisha akangoja.

Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha. Urea ya kweli ikiyeyuka hunyonya joto la maji, yakawa baridi kama yametoka mtungini. Maji haya yalikuwa vuguvugu vilevile alivyoyachota.

Akaongeza konzi ya pili. Vuguvugu tu.

Mgongo ulikuwa ukimuuma tangu palizi, na kule shambani mahindi yalishaanza kugeuka manjano. Asali yake yote ya mwaka, shemeji yake ndiye aliyeipeleka Tabora mjini kuiuza, akarudi na mifuko hii miwili ya mbolea kwenye baiskeli. Sasa huyo amekaa kizingitini, anakunywa uji.

“Shemeji, wewe kila kitu lazima ukipime,” akasema. “Siku moja utampima hata padri.”

“Nimechoka, shemeji,” Advera akamjibu. “Pengine mkono wangu umekufa ganzi kwa jembe. Hebu njoo uniangalizie na wewe kama yamepoa.”

Shemeji akacheka, akaweka kikombe chini, akajikokota mpaka kwenye bakuli. Akainama, akanyoosha mkono. Advera alivikazia macho vile vidole, huku akimwomba Mungu kimoyomoyo kwamba mkono wake yeye ndio uwe umekosea.

“Ya baridi haya,” shemeji akasema. “Baridi kabisa.”

Vidole vyake vilikuwa bado havijagusa maji.